Mzee Alizijua Buti Zake, Nami Nikamwita Msahaulifu

Nina miaka arobaini na miwili, ni mjane, mama wa watoto wawili, na ninaishi Haltom City, Texas. Nimeyaandika haya na kuyafuta mara nyingi, kwa sababu ndani yake sipati mahali pa kujisifu. Lakini nimechoka kuyabeba peke yangu. Nisomeni kwanza, wasomaji wenzangu, kisha mnihukumu mnavyotaka.

Nilizaliwa Uvira, Kongo. Vita ilitutoa huko, nikakaa kambini Tanzania miaka kumi na minne, na mume wangu tulimzika hukohuko kambini. Texas huu ni mwaka wa sita. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ghalani, kupanga maboksi, mpaka mgongo ukakataa. Ndipo nikasomea cheti cha kuwahudumia wagonjwa majumbani, na ofisi iliyoniajiri ikanipeleka Mansfield kwa mzee mmoja mzungu. Nitamwita Mzee Harlan.

Mzee alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala. Na maneno yalimwishia... alisema mawili, matatu, kisha akakwama na kupiga mkono wa kiti kwa hasira. Mimi nami Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Basi tukapatana! Yeye maneno yalikuwa yamempotea, mimi nilikuwa sijayapata bado. Tulizungumza kwa vidole na kwa macho.

Chumbani kwake kulikuwa na jozi moja ya buti.

Msifikirie buti za kazi, wala zile za makauboi zilizojaa Texas nzima. Hizi zilikuwa ndefu hadi chini ya goti, nyeusi, na juu zina ukanda mpana wa ngozi ya kahawia. Ni buti za kupandia farasi wakati wa kuwinda mbweha. Kwa asiyeujua mchezo huo, watu huvaa makoti rasmi, wakapanda farasi na kufuata kundi la mbwa wanaonusa njia ya mbweha. Huku kwetu mara nyingi wanamfuata koyoti, yule mbwa mwitu mdogo, na wengi wanachotaka ni zile mbio tu. Mzee aliufanya mchezo huo zaidi ya miaka thelathini.

Wiki yangu ya kwanza alininyooshea kidole, kisha akazinyooshea buti. Ndiyo ilikuwa shule yangu! Alinifundisha kufuta matope kwa sponji yenye maji kidogo, siyo kulowesha. Kisha sabuni ya ngozi. Kisha kuziacha zikauke zenyewe kivulini. Siku moja niliziweka karibu na tundu la hewa ya moto, nikasikia, "Hapana! Hapana! Hapana!" Hayo matatu aliyatoa bila kukwama. Ngozi ikikaushwa kwa moto inapasuka, nilikuja kujua.

Baada ya hapo mafuta, kidogo, kwa vidole. Kisha polishi. Palipokuwa na mikwaruzo alinipa mfupa laini wa mguu wa paa, nisugue taratibu mpaka mkwaruzo ujifunge. Mwisho, miguu ya mbao ndani, ili buti zisijikunje. Kila Ijumaa tulifanya hivyo. Mimi nasugua, yeye anatazama. Akitikisa kichwa narudia, akifumba macho nimemaliza.

Buti ya kulia ilikuwa na uvimbe kwenye kifundo. Zamani Mzee alianguka na farasi, mfupa ukaunga vibaya, na ngozi ikafuata umbo la mguu wake. Ndani, mahali hapo, fundi alikuwa ameshona kiraka laini ili pasimchubue. Mzee alipenda kuingiza mkono wa kushoto ndani na kukigusa kiraka hicho. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Sasa niwaambie kuhusu Faustin.

Nilimfahamu kwenye kwaya ya kanisa letu. Mkongomani mwenzangu, mwenye sauti nzito ya kutetemesha viti, akifanya kazi ghalani Irving, karibu na uwanja wa ndege. Miaka saba ya ujane si midogo, jamani. Alinisalimu kwa heshima, aliwaletea watoto matunda, na alikuwa ameshakwenda kwa wazee wa kanisa kusema ananitaka kwa ndoa. Nilianza hata kuchagua rangi za vitenge vya harusi!

Gari langu lilipoharibika kwa wiki chache, yeye ndiye aliyekuwa akinifuata Mansfield jioni. Kanuni ya kazi ilikuwa nisiingize mtu nyumbani kwa Mzee. Lakini siku moja ikanyesha mvua ya mawe, naye yuko nje... nikamfungulia. Mzee alikuwa amelala. Faustin akaziona buti. Nami kwa majivuno nikamweleza yote, jinsi zilivyoshonwa kwa vipimo vya mguu wa Mzee, jinsi ninavyozitunza. Akazigeuza, akasoma jina la fundi lililopigwa muhuri ndani, akapiga picha.

"Za nini?" nikamuuliza.

"Nimezipenda tu, chérie, mpenzi."

Nami nikacheka!

Mwezi wa kumi alipiga simu Leslie, binti wa pekee wa Mzee. Leslie anaishi Houston na alikuwa akija kumwona baba yake kila baada ya wiki mbili. Siku hiyo sauti yake ilikuwa ya furaha. Wenzake Mzee walikuwa wamemwalika kwenye ufunguzi wa msimu wa kuwinda, baada ya wiki tano. Padri hufika kuwabariki wapanda farasi na mbwa wao. Ndiyo, mbwa! Mzee angekaa kwenye kiti chake cha magurudumu mstari wa mbele, amevaa koti lake na buti zake. Nilipomweleza, alilia, akacheka, akapiga kiti kwa furaha.

Lakini soli ya buti ya kushoto ilikuwa imeachia uzi. Leslie akasema nitafute fundi.

Faustin akasema, "Kuna fundi mzuri Irving, karibu na kazini kwangu. Nipe, nitazipeleka."

Nilizifunga kwenye kitenge changu cha kijani chenye picha za feni, nikampa. Kwa mikono yangu mwenyewe, wasomaji... hakuna aliyenishikia panga.

Siku ya tatu, fundi anaumwa. Siku ya tano, fundi amefiwa. Siku ya saba, fundi anasubiri uzi maalumu kutoka Ulaya. Fundi gani huyu mwenye mikosi mingi hivi?

Kila Jumatano alikuja nesi kumpima Mzee presha, Mkenya anayeitwa Njeri, mwanamke asiyeficha lake. Nilipomweleza wasiwasi wangu aliniuliza buti zikoje, akatoa simu, akaingia kwenye ukurasa wa watu wanaouza vitu vilivyotumika. Hakuchukua hata dakika tano.

"Mapendo, ndizo hizi?"

Ndizo. Zimesimama kwenye zulia la Faustin, juu ya kitenge changu cha kijani chenye feni! Na chini pameandikwa kwamba zimeshauzwa.

 Njeri akanishika bega. "Pigia huyo Leslie sai. Mwambie zimeibwa, na mwambie nani ameiba. Usingoje. Hii kitu itakugeukia."

Nikasema sawa. Lakini kwanza nikampigia Faustin, na kesho yake mchana nikamfuata kwenye maegesho ya nyumba anayopanga. Hakukana hata!

"Ni viatu tu, chérie! Mutu mwenyewe hata kutembea hatembei. Zingeozea kabatini."

Nikamuuliza ziko wapi. Akasema zimechukuliwa na mama mmoja wa Houston. Nikamwambia nitamweleza Leslie. Hapo sauti yake ikabadilika, ikawa tamu kama wakati wa kwaya. "Utamwambia nini? Kwamba uliniingiza ndani ya nyumba? Kwamba ulinipa wewe mwenyewe? Watasema tulipanga pamoja. Utapoteza kazi na cheti. Watoto utawalisha nini? Nyamaza, itapita."

Na mimi, mpumbavu mkubwa, nikanyamaza!

Je, nilikuwa bado nampenda? Au niliogopa tu? Mpaka leo sijui kutenganisha. Ninachojua ni kwamba Leslie alipopiga jioni ile kuuliza habari za buti, nilimjibu, "Bado ziko kwa fundi." Na Njeri aliponiuliza kama nimemwambia Leslie, nikamjibu, "Ndiyo, tumeshayamaliza." Hivyo nikawa nimewadanganya wanawake wawili walionitakia mema.

Nikaamua nitafute buti nyingine zinazofanana. Loo, jamani! Fort Worth na Dallas yote ni mji wa buti. Nimeingia maduka makubwa yenye kuta nzima za buti, za ngozi ya mbuni, za ngozi ya mamba, za rangi ya waridi, zenye nyota... na zote za kauboi! Nilikuwa nikionyesha picha kwenye simu, wauzaji wananitazama kwa huruma. Mmoja akaniambia hizo huagizwa ng'ambo, kwa vipimo vya mguu, na unasubiri miezi. Mwingine akaniuliza, "Wewe unawinda mbweha?" Kisha akamwita mwenzake aje kunitazama. Nilitoka nikilia kwa hasira.

Jumamosi mbili zilipotea hivyo. Mwishowe, katika duka la vifaa vya farasi vilivyotumika, mbali kabisa nje ya mji, nikapata jozi nyeusi yenye ukanda wa kahawia. Ilikuwa imekakamaa kama gome la mti. Nikaipeleka nyumbani, nikaifanyia kila nilichofundishwa, sponji, sabuni, mafuta, mfupa. Nilitia hata vitambaa kwenye kifundo cha kulia ili ngozi ivimbe kidogo. Binti yangu Neema akanitazama jikoni akauliza ni za nani, "Mom, whose are those?" Nikamwambia akafanye kazi zake za shule.

Ukizitazama kwa mbali... zilikuwa zenyewe!

Ijumaa nikamwekea Mzee mapajani. Akatabasamu. Akapitisha kiganja juu ya ngozi, polepole. Kisha akaingiza mkono wa kushoto ndani ya buti ya kulia, akatafuta. Akatafuta tena. Tabasamu likaondoka usoni.

"Siyo yangu," akasema.

 Hapo, wasomaji, Mungu alinifungulia mlango. Nilipaswa kupiga magoti na kusema ukweli. Badala yake nilimshika mkono nikamwambia, "Ni zako, Mzee. Fundi ametengeneza ndani. Umesahau tu. Ugonjwa unakusahaulisha."

Akanitazama. "Siyo. Yangu."

"Ni zako, Mzee."

Akaisukuma buti ikaanguka. Akapiga kiti, akapiga, akapiga, akitafuta maneno ya kunishtaki na maneno hayaji! Mate yanamtoka, machozi yanamtoka. Nami nimesimama pale, nikiwa na maneno yote ya kumsaidia mdomoni mwangu, na nimeufunga.

Leslie alikuja wikiendi hiyo. Akaziona buti, nyeusi, ndefu, zina ukanda. Yeye si mpanda farasi, angejuaje? Baba yake akawa anarudia, "Siyo yangu, siyo yangu." Leslie akanitazama mimi. Alinitazama kwa kuniamini! Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba siku hizi Mzee anachanganyikiwa.

Leslie akainama, akamshika baba yake uso kwa mikono miwili. "Baba, ni zako. Ni zako, usijali." Mzee akafumba macho. Hakusema tena.

Baada ya hapo mambo yakaporomoka upesi. Leslie akampeleka kwa daktari, akaeleza kwamba baba hatambui tena vitu vyake. Mzee akaulizwa maswali, na mtu aliyepoteza maneno atajibuje? Wakaandika kwamba kumbukumbu zinaharibika. Leslie akaona ufunguzi wa msimu utamchosha, akawapigia wenzake Mzee kuwaambia hatafika.

Jumamosi ile ya ufunguzi nilikuwa zamu. Mzee aliamka mapema kuliko siku zote, akaonyesha kabati la koti lake. Nikamwambia hatuendi. Akakaa dirishani asubuhi nzima, akitazama barabara. Chakula hakugusa. Buti zile za uongo zilikuwa pembeni, na hakuzigeukia hata mara moja.

Jumatano Njeri akaja, akasoma maandishi mapya kwenye faili.  Kisha akanivuta mpaka jikoni.

"Imeandikwa hatambui buti zake. Buti gani, Mapendo? Si uliniambia ulisema?"

Nikaanza kulia.

"Usinililie! Wanataka kumpeleka kwenye nyumba ya watu waliopoteza kumbukumbu, unajua? Leslie ameniuliza leo kama najua mahali pazuri. Huyu mzee kichwa chake ni kizima kushinda chako!"

Kweli, sikuwa nimejua. Nyumba yake, dirisha lake, vyote aondolewe... kwa sababu ya uongo wangu! Nikamwambia Njeri nataka kwanza nizipate buti, ili nikimkabili Leslie nisiende mikono mitupu. Alikasirika sana, lakini alinipa siku moja tu. "Kesho niko off. Tunaenda Houston. Na kesho hiyohiyo usiposema, nasema mimi."

Faustin alitoa anwani ya yule mama baada ya Njeri kumpigia mwenyewe. Sijui alimwambia nini.

Niliomba ruhusa ofisini, tukatoka asubuhi, mwendo wa zaidi ya saa nne barabarani, Njeri akiendesha bila kufungua redio. Tukaifikia nyumba, mama wa makamo akatupokea vizuri. Yeye hupamba kumbi za harusi. Nilipouliza buti, akatupeleka gereji.

Zilikuwa ukutani. Ametoboa soli, amezikaza kwa skrubu kwenye ubao, ndani amepanda maua makavu. Na juu ya ngozi yote amepuliza vanishi ili zing'ae! Ngozi inahitaji kupumua. Pale kwenye uvimbe wa kifundo cha kulia, vanishi ilikuwa imeshakauka na kupasuka, na ngozi chini yake imepasuka nayo, nyufa tatu ndefu. Niliingiza mkono kati ya maua, nikakigusa kiraka. Nikalia kama mtu aliyefiwa.

Yule mama hakuwa na kosa. Alipojua ni za wizi alizishusha mwenyewe, akazipangusa, akaomba radhi. Nilimrudishia alichotoa, tukatoka.

Nje, kwenye gari, Njeri akaninyooshea simu tu.

Nikampigia Leslie. Nikasema yote, bila kupumua, Faustin, kitenge, fundi wa uongo, duka, vitambaa kwenye kifundo...  Kisha akauliza niko wapi. Nikamtajia mtaa.

"Uko dakika kumi kutoka kwangu," akasema.

Dakika kumi! Mnasikia? Jumatano ile ya kwanza, kama ningempigia, Leslie angepanda gari, angegonga mlango ule, angezikuta buti zikiwa nzima, hazijaguswa na skrubu wala vanishi. Dakika kumi! Na mimi nilizunguka Texas karibu mwezi mzima nikitafuta mfano wake!

Alifika. Akazichukua, akazitazama nyufa, akaingiza mkono ndani. Nilidhani atanipigia kelele. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Buti ningekusamehe leo hii. Lakini uliniacha nimwambie baba yangu kwamba akili yake inaharibika. Nilimwambia mimi. Kwa mdomo wangu."

 

Kazi iliisha hapohapo. Nilimwomba jambo moja tu, nikamwambie Mzee mwenyewe. Akafikiri sana, akakubali, akiwapo yeye. Siku mbili baadaye nilisimama mbele ya kile kiti. Nikasema, "Mzee, ulikuwa sahihi. Hazikuwa zako. Nilijua hazikuwa zako. Nilikudanganya."

Alichukua muda mrefu. Mdomo ukatafuta, ukatafuta.

"Nilijua," akasema.

Kisha akageuza uso dirishani. Nilisubiri. Hakunigeukia tena, na Leslie akanifungulia mlango.

Nasikia kwa Njeri kwamba bado yuko nyumbani kwake, hakuhamishwa, na yale maandishi ya daktari yamefutwa. Fundi mmoja amejaribu kuiondoa ile vanishi. Imetoka nusu. Nyufa hazitoki. Faustin amehamia jimbo lingine, na nimeambiwa anaimba kwaya huko pia. Mimi nimerudi ghalani, kwenye maboksi, na mgongo wangu.

Dada zangu, kaka zangu, hasa sisi tuliokuja huku tukiwa na hofu ya kila karatasi na kila bosi... nawasihi. Ukiibiwa ulichokabidhiwa, sema umeibiwa, siku ileile, hata kama mwizi ni mtu unayelala ukimwota. Sema kwa Kiingereza kibovu, sema ukitetemeka, sema ukijua utafukuzwa! Kazi nyingine ipo. Mimi nilifukuzwa pia, baada ya uongo wote ule. Niliokoa nini, basi?

Niliogopa kupoteza kazi, nikamnyang'anya mzee kitu pekee ambacho kiharusi kilikuwa kimemwachia, kuaminiwa anaposema, "Hiki si changu." Na siku aliyoisubiri, padri alibariki mbwa na farasi, naye hakuwapo.